Kabla ya Jiwe la Msingi, Hati ya Wakfu

Panapokusudiwa kujengwa nyumba ya sanaa na urithi wa watu wetu, iwe ni katika jiji kubwa au katika mji mdogo wa pwani, jambo la kwanza kuletwa mezani aghalabu ni ramani, na la pili ni orodha ya wafadhili. Na siku ya kuwekwa jiwe la msingi risala husomwa, ngoma hupigwa, utepe hukatwa, na watu hurejea makwao na furaha waliyoistahili, maana hakuna taifa lisiloona fahari likiona kazi za mikono yake zimepewa maskani. Fahari hiyo nami ninayo. Walakini, kila nitazamapo jinsi nyumba za namna hii zilivyozaliwa katika nchi yetu, bara na visiwani, na jinsi baadhi yake zilivyodhoofika au kutoweka ilhali walioziasisi wangali hai, nazidi kuyakinisha kwamba ramani hiyo hufika mapema mno, na kwamba linalostahili kutangulia, kabla ya sululu ya kwanza kugusa udongo, ni hati: hati isemayo ardhi ni ya nani na hatauziwa nani, riziki ya nyumba itatoka wapi mfadhili akiisha kuondoka, na nani mwenye haki ya kuingia humo akafundisha na kufundishwa.

Tuanze na Dar es Salaam. Mwaka 1972, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, na vijana waliokuwa na vipaji bila kuwa na mahali pa kuvitumia, ilianza Nyumba ya Sanaa, ambayo mwaka 1983 ilipata jengo lake katikati ya jiji, nalo likazinduliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Chini ya paa moja waliketi wachonga vinyago, wachoraji, watia nguo rangi na wafinyanzi, na mgeni aliyeingia kununua aliweza kumwona fundi akiwa kazini, akamwuliza jina la mti na sababu ya umbo, akaondoka na kitu pamoja na habari yake.

Katika historia ya nyumba ile hakuna linalonigusa kuliko habari za George Lilanga. Huyu alikuwa Mmakonde, aliyezaliwa mwaka 1934, aliyejifunza kuchonga kwao kusini kabla ya kuja Dar es Salaam kutafuta riziki. Na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alipata kazi pale Nyumba ya Sanaa, nayo ilikuwa kazi ya ulinzi wa usiku. Aliajiriwa alinde kazi za wenziwe; lakini kwa kuwa nyumba ile haikuwa na desturi ya kumfungia mlango mtu mwenye mikono ya ustadi, haukupita muda mrefu kazi zake zikaonekana, akatolewa ulinzini akaketishwa pamoja na mafundi. Mwaka 1978 kazi hizo zilionyeshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 mashetani wake wa rangi kali, wenye masikio mapana na vinywa vya kucheka, walikuwa wamekwisha kukaa katika makusanyo ya Ulaya, Marekani na Japani. Natamani kila kamati inayokaa kujadili ujenzi wa nyumba ya sanaa ianze kikao chake kwa kumkumbuka mlinzi yule, ijiulize kama katika nyumba wanayoikusudia mtu wa namna yake atapata kupita getini, au kama ataombwa kwanza barua ya utambulisho, cheti cha kidato cha nne na ada ya kiingilio.

Nyumba ile haipo tena kwa kazi ile aliyoizindulia Mwalimu. Sikusudii kuingia katika mashauri ya nani alimpa nani na kwa haki gani, kwa kuwa mashauri ya ardhi yana mahakama zake. Nasema tu lile ambalo kila apitaye katikati ya jiji hulishuhudia kwa macho yake, kwamba kiwanja cha mjini hupanda thamani mwaka hata mwaka, na kwamba siku itakapofika ambapo ghorofa ishirini za ofisi zitaleta kwa mwezi mmoja fedha ambazo wachoraji hawazipati kwa mwaka mzima, sanaa haitaokolewa na mapenzi ya watu, wala na picha ya Rais akikata utepe, isipokuwa pawe na andiko linalomzuia hata mwenye nia njema asiweze kuiuza ardhi ile. Mapenzi yalikuwapo tele. Lililokosekana ni kufuli ya kisheria.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, liko somo la pili. Kisiwa kile, kilicho na kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa tangu mwaka 1905, na kilichomlea Siti binti Saad, binti wa Fumba ambaye sauti yake ilisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ikatiwa katika sahani za santuri, kilikaa karne nzima pasipo chuo cha kufundishia muziki wake, na ujuzi wa udi na kanuni ukawa unapita kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mwana, au ndani ya vikundi vyenyewe, kwa yule aliyebahatika kuwa karibu. Mwaka 2001 kikaanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kikafungua madarasa katika jumba la Forodha ya zamani linaloitazama bahari ya Mizingani, na hapo kijana wa shamba na binti wa mjini waliweza kuketi mbele ya mwalimu mmoja wakafundishwa fidla, kanuni, ngoma na kusoma noti. Wamo katika wahitimu wake waliounda bendi zinazojulikana leo nje ya mipaka ya Afrika Mashariki. Chuo hiki hakikupungukiwa wanafunzi, wala waalimu, wala sifa. Kilichopungua ni riziki, kwa kuwa sehemu kubwa ya matumizi yake iliegemea misaada ya ng'ambo, na msaada wa namna hiyo una mwanzo na mwisho wake, uliopangwa katika ofisi za nchi nyingine kwa hesabu za nchi nyingine. Hata mwaka 2019 ikavuma habari kwamba huenda milango ikafungwa. Waliosimama imara kukitetea chuo hicho tangu hapo wanastahili shukurani ya kila mpenda taarabu, lakini si haki kwamba kila kizazi cha waalimu kiwe kinapiga udi kwa mkono mmoja na kuandika maombi ya fedha kwa mkono wa pili.

Mwendo mfupi kutoka hapo limesimama, au tuseme limesimama nusu, Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lililokuja kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa pwani yetu, na ambalo tarehe 25 Desemba 2020 upande wake uliporomoka na kuua watu wawili. Lilikuwa katika mji ulioandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, likatajwa katika kila kitabu cha wasafiri, na bado maji yakapenya, nguzo zikachoka, na sehemu nyingine ikatangulia kuanguka mwaka 2012 kama ishara kwa mwenye kuona. Sitakaa sana juu ya msiba huu, kwa sababu ni mzito na wengi wameueleza. Nautaja ili isidhaniwe kwamba hadhi ya jengo huweza kuwa badala ya fedha ya kulitunza.

Sasa natupa jicho upande wa pili wa mji huohuo. Katika eneo dogo la Mji Mkongwe ipo misikiti hamsini hivi, mingine midogo isiyozidi safu chache za wenye kusali, mingine ina umri uliopita ule wa Beit al-Ajaib, na wengi wa walioijenga hawakuwa masultani. Mlango u wazi alfajiri, maji ya kutawadhia yapo, jamvi limetandikwa, na mwadhini amepata cha kupeleka nyumbani. Siri ya jambo hili waijua watu wa pwani tangu utotoni. Mtu aliyejenga msikiti katika zama zile alifahamu kwamba kila jengo lina kula yake ya kila siku, ya chokaa na mafuta ya taa na ujira wa mtunzaji, basi hakulitoa jengo peke yake, bali alilitoa pamoja na shamba la minazi, au duka, au nyumba ya kupangisha, akaandika mbele ya kadhi na mashahidi kwamba mali hiyo ni wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi hiba, na kwamba kipato chake kitumike kwa jambo alilolitaja yeye na wala si jinginelo, akamweka mutawali wa kuisimamia. Akafa, na wanawe wakafa, na serikali zikapinduka na sarafu zikabadilika majina, na shamba lile likawa lingali linanunua jamvi.

Liko la ajabu zaidi Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Visiwa vya Ngazija, aliyefariki mwaka 1936, alipewa na liwali ardhi pembezoni mwa mji kwa njia ya wakfu, na hapo ukasimama msikiti na chuo cha Riyadha. Alifundisha humo watu ambao baadhi ya wakuu wa mji hawakupenda kuwaona katika darasa za elimu, wakiwamo wahamiaji maskini na wana wa waliokuwa watumwa, naye akaingiza katika maulidi matari na nai na kasida za kupendeza, akalaumiwa kwa hayo na wenye msimamo mkali wa zama zake. Leo kila Mfungo Sita majahazi na mabasi humimina watu Lamu kutoka pwani nzima kwa ajili ya maulidi ya Riyadha, na katika siku hizo utaona goma la fimbo, mashindano ya majahazi na mbio za punda, na kofia zilizodariziwa kwa miezi kadhaa zikivaliwa kwa mara ya kwanza. Aliyeasisi hakusema kwamba anajenga kituo cha utamaduni. Lakini sioni katika pwani yote ya Afrika Mashariki mahali palipokusanya kwa muda mrefu hivyo ufundi, ushairi, sauti na mafundisho, kwa ajili ya watu wasio na mali, pasipo kusimama. Na chini ya yote hayo, pale ambapo macho hayafiki, ipo hati ya ardhi isiyoweza kuuzwa.

Wala sidai kwamba wakfu ni dawa ya kila ugonjwa. Ziko nyumba za wakfu katika Mji Mkongwe ambazo kuta zake zina nyufa na ngazi zake zimeoza, kwa sababu kodi yake ni ndogo mno kuweza kununua hata mapipa ya chokaa. Na wamekuwapo mamutawali waliokula amana. Mwenye kuazima umbo hili hana budi kuyaazima na mafunzo ya kasoro zake: kodi itazamwe upya kila baada ya miaka michache, hesabu zisomwe hadharani, na zisomwe mbele ya wapiga ngoma na wasuka mikeka wenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka, wala si kufungiwa katika taarifa ya kurasa sabini iliyoandikwa kwa lugha ya mfadhili.

Tena sisemi kwamba nyumba ya sanaa iwekwe chini ya dini yoyote. Watu wetu ni wa dini nyingi, na wapo masheikh wanaoona kwamba haifai mali ya wakfu kuhudumia muziki, nami naiheshimu rai yao. Ninachokitaka ni ile hikima ya kisheria, na kwa bahati njema sheria za nchi zinaipa nafasi. Tanzania Bara ipo Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, ambayo kwayo kikundi cha watu huweza kusajili bodi ya wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, nayo bodi hiyo haifi kwa kufa wajumbe wake, ina lakiri yake, na yaweza kumiliki ardhi kwa jina lake yenyewe. Ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni ya umma, na anayeikalia huikalia kwa muda, miaka 33 au 66 au 99. Basi waasisi waombe muda mrefu kuliko wote, na katiba ya bodi iandike kwa maneno yasiyopindika kwamba ardhi hiyo haiuzwi wala haiwekwi rehani, na kwamba bodi ikivunjika mali yake itahamia kwa bodi nyingine yenye kusudi hilohilo. Kazi ya wakili kwa siku chache yaweza kuhifadhi kazi ya mafundi kwa karne.

Juu ya riziki nina neno jingine. Wapo wanaodhani kwamba nyumba ya sanaa itajilisha kwa kuwauzia watalii, na kweli mtalii ni mnunuzi mwema anapokuwapo. Lakini mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, wachongaji na wachoraji waliotegemea wageni peke yao walikaa mbele ya kazi zao pasipo mtu wa kuuliza bei. Shamba la minazi la wakati wetu, kwa maoni yangu, ni fremu za maduka zinazoitazama barabara, zinazopangishwa kwa muuza dawa na fundi wa simu na muuza vyakula, watu ambao biashara yao haijui msimu, pamoja na ukumbi unaokodishwa kwa arusi na mikutano siku ambazo hauna onyesho. Kodi hizo zisichanganywe na fedha za mfadhili. Mfadhili akija, na aje. Anunue vyombo, achapishe vitabu, apeleke vijana safarini. Lakini umeme na mshahara wa mlinzi na ujira wa mwalimu vitoke katika kile ambacho nyumba inacho chenyewe, ili siku atakapoaga apewe mkono wa kwaheri bila mtu kulia.

Nimesema habari za fedha kwa urefu, na huenda msomaji akashuku kwamba nimewasahau wenye sanaa. Basi na twende Usukumani. Katika Kisesa, nje ya Mwanza kwa njia ya Musoma, iko Bujora, ambako tangu miaka ya 1950 padre wa Kanada, David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kujenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba za wenyeji, na baadaye makumbusho ambayo ndani yake mna jumba la watemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na banda la vyama vya ngoma. Utemi ulipoondolewa baada ya Uhuru, zana za enzi zilizokuwa na hatari ya kuliwa na mchwa au kununuliwa na wachuuzi wa vitu vya kale zilipata pa kuheshimiwa. Hayo peke yake ni makubwa. Hata hivyo Bujora haipumui kwa sababu ya vitu vilivyomo ndani, bali kwa sababu ya Bulabo, sherehe inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, aghalabu mwezi wa Juni, ambapo vikundi vya ngoma huja kushindana, Bagika kwa Bagalu, vyama viwili ambavyo asili yake ni mashindano ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha.

Mashindano hayo yana kanuni ambayo laiti ingefundishwa katika kila chuo cha sanaa. Vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja, vikacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake na ngoma zake na hila zake. Huku wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo wa bugobogobo, kule mtu amejivisha chatu shingoni. Na watazamaji wako huru kwenda watakako, wakikimbia huku wakirudi kule, na mwenye kundi kubwa la watu mwishowe ndiye mshindi. Mwamuzi ni umma, na hukumu yake huitoa kwa miguu. Kwa hiyo manju hawezi kulala; wimbo wa mwaka jana hautoshi; atatunga juu ya bei ya pamba, na juu ya kiongozi mchoyo, na juu ya simu za mkononi, kwa sababu jirani yake naye anatunga. Wanaosema kwamba urithi ni kitu cha kuhifadhiwa kisibadilike hawajaona uwanja huo. Na wenyeji hawaji Bujora kama wageni waliokata tiketi kuona mambo ya kale yao wenyewe. Huja kushinda na kushindwa, kucheka na kuteta, na kuwaonyesha watoto wao kikundi cha babu. Nyumba yoyote ya sanaa ambayo haina siku moja katika mwaka ya namna hii, siku ambayo umma unaingia kwa haki na kuamua kwa haki, itageuka ghala hata ikiwa na hati nzuri namna gani.

Kutokana na hayo, mwenye kuchora ramani, atakapofikiwa na zamu yake, aanze kwa kuwauliza wenye kazi. Mchongaji wa mpingo anataka ua wa kuweka magogo yasipasuliwe na jua, na kelele za tezo na vumbi la msasa vitamfukuza mpiga udi ikiwa wamewekwa ukuta mmoja. Mwamba ngoma anataka mahali pa kuwasha moto, kwani ngozi iliyonyweshwa na upepo wa bahari haisemi mpaka ipashwe, na ukumbi wenye vigae na zulia na kengele ya kuzuia moto haumfai kitu. Wachezaji wa mdundiko na sindimba wanataka mchanga chini ya nyayo, si saruji inayowavunja magoti. Wasukaji wanataka uwanja wa kuanika ukindu uliotiwa rangi, na wengi wao ni kina mama ambao kazi yao huifanya nyumbani kati ya chungu na mtoto, basi wasitakiwe kuripoti saa mbili asubuhi kama makarani, bali pawekwe baraza pana ya kivuli wafike jioni na ukili wao, wazungumze na kusuka, na msichana aketi kando ajifunze kwa kutazama, kama ilivyokuwa siku zote. Na pawe na jiko. Kikundi cha ngoma kilichotoka kijijini kwa lori hakicheki na mtu kabla ya kula.

Jingine ambalo wachora ramani hulisahau ni chumba chenye mlango wa kufungwa. Si kila urithi ni wa jukwaani. Mambo ya jando na unyago yana wenyewe, yana wakati wake na watu wake, na ingawa marehemu Bi Kidude alizitoa ngoma za unyago hadharani na ulimwengu ukamshangilia, yeye mwenyewe alikuwa kungwi na alijua ni lipi la kutolewa na ni lipi la kubaki ndani. Uamuzi huo ni wa makungwi, si wa mkurugenzi wa tamasha, wala wa mpiga picha aliyekuja na kibali. Na hati ya nyumba, ile ile inayolinda ardhi, ilinde na haki hii.

Juu ya waalimu sitatafuna maneno. Tumezoea kumwita mzee siku ya sherehe, tukamvika kitenge, akapiga zeze dakika tano mbele ya mgeni rasmi, tukampa soda na nauli, kisha akifa tukaandika kwamba maktaba imeteketea. Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka uchungani na ilimba yake na ambaye Bagamoyo ikawa maskani ya kazi yake mpaka alipofariki mwaka 2003, hakuwa mkuu kwa sababu ya sherehe. Alikuwa mkuu kwa sababu alipewa mahali pa kukaa na kufanya kazi kila siku, mwaka hata mwaka, jamaa zake na vijana wakiwa pembeni yake wanashika, na ndiyo maana hata leo jina la Zawose linaendelea kuimba. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981, ukumbi wake ukaungua mwaka 2002, na bado chuo kikaendelea, kwa sababu waalimu hawakuungua. Kila nyumba ya sanaa iandike katika matumizi yake ya lazima ujira wa mafundi wakuu, wawili au watatu kwa kuanzia, wenye cheti au wasio na cheti, na kila mmoja apewe wanagenzi wachache wa kukaa naye kwa miaka, si kwa warsha ya juma moja.

Najua swali linalonisubiri, nalo ni swali la haki: zahanati haina dawa, darasa lina watoto mia, na wewe wataka tujenge nyumba ya ngoma? Sina jibu la kumnyamazisha mama aliyekosa dawa ya mwanawe, wala sitaki kulitafuta. Nasema tu kwamba fedha za nyumba niliyoieleza, ikiwa zitatoka katika fremu za maduka na ukumbi wa arusi, hazitoki katika mfuko wa dawa. Na kwamba Desemba 1962, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo, Mwalimu alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaona kwamba jambo hilo halingoji utajiri. Watoto mia katika darasa moja wana haki ya kitabu, na wana haki pia ya kujua kwamba bibi yao aliyesuka jamvi alikuwa mhandisi wa rangi na hesabu.

Halmashauri zetu huandaa bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai miezi mingi kabla, na katika kila wilaya pana kiwanja cha umma, ghala la zamani la chama cha ushirika, au boma la Mjerumani ambalo leo ni la popo. Diwani anayetaka nyumba ya sanaa katika kata yake asianze kwa kutafuta mchoraji wa ramani wala mfadhili. Awaite manju, msukaji, mchongaji na kungwi, pamoja na wakili mmoja mwaminifu, wakae barazani waandike majina ya wadhamini, mipaka ya kiwanja, na idadi ya fremu zitakazoilisha nyumba, kisha andiko hilo lipelekwe kusajiliwa; na mpaka cheti cha usajili kirudi, sululu zingoje.